Upinde katika Monster Hunter: mchezo unaficha bei

Wandugu wasomi, leo nazungumza juu ya mchezo wa video, na sitaomba radhi. Mwenye kuona ni upuuzi apite, tutakutana ku andiko lingine.

Kuna jambo ninaliona kila mara. Kijana anapewa Monster Hunter: World, anakuta silaha 14 mbele yake, na anachagua upinde. Ukimwuliza sababu anajibu: "Juu sitaki kukaribia ile nyama." Jibu lina akili. Upanga mkubwa unataka usimame chini ya meno, nyundo inataka ufike ku kichwa. Upinde, mtu anafikiri, ni wa kukaa mbali na kupiga taratibu, kama vile mtu anarusha mawe ku mwembe. Siku tatu kisha, huyo kijana anaweka maneti chini na kusema: "Mie si mtu wa michezo." Ule msemo njo unaniuma. Mchezo haukumwambia ukweli, halafu yeye ndiye anajihukumu.

Kwa asiyeujua: Monster Hunter ni mfululizo wa kampuni ya Capcom ya Japani. Ulianza mwaka 2004 kwenye PlayStation 2. Upinde haukuwemo tangu mwanzo, uliingia mwaka 2006 na mchezo wa pili. World ilitoka Januari 2018 kwa PlayStation 4 na Xbox One, kisha Agosti mwaka uleule kwa ordinatera, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 20. Kazi yenyewe ni moja: unatoka kambini, unafuata nyayo za nyama mkubwa (wengine wanasema zimwi, mimi nasema nyama kama nyumbani), unapigana naye, unachukua ngozi na mifupa yake, unarudi Astera kwa mfua chuma, unatengeneza silaha mpya, unatoka tena. Una dakika 50. Ukizimia mara tatu, misheni imekufa.

Sasa, huo upinde. Uongo wake wa kwanza ni umbali.

Ukisimama mbali sana, mishale inafika, ndiyo, lakini inafika imechoka. Kila mshale uko na umbali wake wa haki, na ukiwa ndani ya ule umbali, alama ya kulenga ku ekrani inageuka rangi ya machungwa. Nenda ujaribu: utashangaa ile rangi inatokea ukiwa karibu namna gani. Ni karibu kiasi kwamba nyama akizungusha mkia unaweza kukupata. Halafu kuna dawa ya kupaka mishale inayoongeza nguvu ya karibu, ile isiyoisha, ambayo kila anayeanza anaiacha imewaka juu ni ya bure. Hiyo inakutaka ukaribie zaidi tena! Na mavazi yako, ukishika upinde au bunduki, yanakukinga kidogo kuliko yanavyomkinga mwenye upanga, hata kama mmevaa vazi moja. Kwa hiyo yule kijana aliyechagua upinde ili asikaribie nyama, mchezo umempeleka karibu na nyama akiwa na ngozi laini kuliko wote. Hakuna mtu alimwambia. Ule ukumbi wa mazoezi wa Astera unamwonyesha vitufe: hiki ni cha kulenga, hiki cha kuvuta, hiki cha kuruka pembeni. Vitufe vyote viko. Bei haiko.

Na bei ni pumzi.

Ule mstari wa juu, wa pili chini ya uhai, wenye silaha zingine nyingi wanautumia zaidi kukimbia na kukwepa. Mwenye upinde anaula. Kuruka pembeni huku umevuta, inakula. Mshale wa nguvu unaofuata mshale wa kawaida, inakula. Ule mshale mkubwa unaoitwa Dragon Piercer, unaopenya mwili wa nyama kutoka kichwa hadi mkia, inakula mingi sana. Na wakati upote umevutwa, pumzi hairudi. Ukifika chini kabisa, huwezi kuruka, huwezi kuvuta hadi mwisho, uko pale na silaha mkononi kama mtu aliyeshika simu bila mega. Nyama hajui kwamba umechoka. Anakuja.

Ninasema hii ndiyo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika mchezo ule, na ninataka nieleze kwa nini, juu watu wengi wanaiona kama adhabu tu.

Katika World, mishale haina hesabu. Podo haliishi. Unaweza kutupa mishale elfu moja kwa Anjanath mmoja na mchezo hautakuuliza kitu. Kwa mtu wa kwetu hiyo inachekesha kidogo. Waefe wa Ituri, wanaojulikana kwa kuwinda na upinde, mshale kwao ni kazi: kuchonga, kunyoosha, na ule wa kupiga nyani unapakwa sumu. Mwindaji wa namna ile anakaribia taratibu, anatupa mara chache, na mshale uliopotea anautafuta. Hesabu yake iko katika mishale. Watengenezaji wa World walitoa hesabu katika mishale wakaiweka kifuani mwa mwindaji. Unavuta kwa mapafu yako. Kila mshale mzuri unaoutoa sasa ni kuruka pembeni moja ambako hutaweza baadaye. Ukitazama mtu anayejua upinde, utaona hatupi wakati wote. Kuna wakati anashusha mkono na kutembea tu, nyama analia mbele yake na yeye anatembea. Mtazamaji asiyejua anasema "huyu amelala." Hapana. Anarudisha pumzi.

Silaha zingine zinafundisha lini kupiga. Upinde, kwa maoni yangu, ndio pekee unaofundisha lini usipige, na unafundisha kwa mwili, bila maneno. Mchezo mdogo ungeweka mishale 30 katika podo na kusema tumemaliza.

Lakini kizuri namna hiyo kinafichwa! Hapo ndipo lawama yangu. Anayeanza anavuta hadi mwisho, anaachia, anavuta hadi mwisho, anaachia, akisimama pale pale. Inaonekana ndiyo njia, maana mshale uliovutwa sana unang'aa. Kumbe upinde wa World ni mwendo: unalenga, unavuta kidogo, unaruka pembeni na ile kuruka yenyewe inapandisha ngazi ya kuvuta bila kusubiri, unaachia, unafuatisha mshale wa nguvu, unaruka tena. Kuruka si kukimbia hatari, ni sehemu ya kupiga. Mtu akielewa sentensi hiyo moja, siku tatu za mateso zinakuwa saa moja. Sentensi yenyewe mchezo hauisemi kwa sauti. Imezikwa katika orodha ya vitufe, kama yule mwalimu wa auditoire anayesoma nota haraka haraka halafu anasema "mengine mtajitafutia."

Kwa hiyo wale wanaouliza waanze namna gani, mimi nawaambia hivi, na ni maoni ya mtu mmoja.

Mkae na Great Jagras. Ule mjusi mkubwa wa Ancient Forest, nyama wa kwanza kabisa, watu wanamwua na kumsahau. Mrudieni mara tano, mara kumi. Anameza windo zima, tumbo linavimba, anakuwa mzito, hana haraka. Kwake mna nafasi ya kutazama mstari wa pumzi badala ya kumtazama yeye. Sheria yangu ilikuwa rahisi: mstari ukifika robo, ninaacha kutupa, hata kama nyama ameanguka chini mbele yangu na tamaa inanivuta. Hasa kama ameanguka, juu ataamka na wewe utakuwa mtupu. Kisha tazameni namba zinazotoka mwilini mwake. Namba za rangi ya machungwa maana yake mmepiga pahali laini, namba za kijivu maana yake mnapiga mwamba. Kwa nyama wengi kichwa ndicho pahali pazuri, lakini si wote, na kijitabu cha mwindaji kinaonyesha sehemu na udhaifu wa kila mmoja mkiisha kukusanya nyayo zake za kutosha. Kisomeni. Ni jambo la ajabu: tumesoma miaka mitano, tumetetea memware mbele ya jury, halafu kijitabu cha kurasa mbili kinatushinda kufungua.

Kuhusu mavazi sitasema mingi. Tafuteni ujuzi unaoitwa Constitution, unapunguza pumzi inayoliwa ku kuruka na kadhalika, na Stamina Surge, unaoirudisha mbio. Kinywaji kinachoitwa Dash Juice nacho kinasaidia. Kula nyama choma katikati ya pigano, juu mstari wenyewe unafupika na wakati. Ile Dragon Piercer, iacheni hadi nyama amelala chini au amegeuka akiwa mrefu mbele yenu. Ukiitoa unasimama kama mti, na ikimpita mwilini kwa upana tu, umelipa bei yote kwa nusu ya kitu.

Sasa nafika ku jambo linalogusa mfuko, yaani wakati.

Upinde unatupa mishale kadhaa kwa mara moja, na kila mshale unabeba ile asili ya silaha: moto, maji, radi, barafu, au ile wanayoita ya joka. Ziko tano. Kwa mwenye upanga mkubwa asili ni nyongeza tu, anaweza kuishi bila kuijali. Kwa mwenye upinde ni nusu ya maisha. Anjanath, yule nyama mrefu anayetema moto, aliyekatisha wengi tamaa, anaogopa maji. Mwendee na upinde wa Jyuratodus, ule wa maji, utamwona mtu mwingine kabisa. Mwendee na upinde wa chuma tu, utakaa naye hadi usiku. Tobi-Kadachi anakupa radi, Legiana anakupa barafu, Anjanath mwenyewe, ukimshinda, anakupa moto.

Tazama basi hesabu. Mwenye nyundo anatengeneza nyundo moja nzuri na kutembea. Mwenye upinde anatakiwa pinde tano, na kila moja inataka ngozi na magamba, na kila gamba linataka nyama yule yule auawe mara tatu, nne, sita. Huko Japani au Ufaransa, kwa mtu mwenye umeme usiku kucha, hiyo ni burudani ndefu. Kwetu, fikirieni. Umeme unakuja saa mbili, tatu, kwa mtaa wenye bahati. Mashini ni ya mkono wa pili, betri inashika dakika 20. Na mchezo hauhifadhi katikati ya misheni: umeme ukienda na nyama amebakiza pumzi mbili, umepoteza yote, hata dawa ulizopaka. Mimi nimeona vijana wanapiga makofi ku ukuta. Kwa hiyo kwetu tofauti ya pigano la dakika 40 na pigano la dakika 15 si ya mwenye ujuzi na asiye nao tu. Ni tofauti ya kumaliza na kutomaliza. Upinde sahihi kwa nyama sahihi ndio unaokufikisha kabla giza halijaingia. Silaha inayotaka kazi mingi kuliko zote ndiyo pia inayolipa haraka kuliko nyingi, ukiwa umekwisha kulipa. Nani ataweza kulipa? Mwenye saa. Sitaki kumlaumu mtengenezaji wa Osaka kwa nyaya za mtaa wetu, lakini mchezo unaomwomba mtu pinde tano ungeweza angalau kumwambia mwanzoni.

Capcom waliona tatizo la muda, lakini wakalijibu kwa njia ambayo siipendi. Kwa ajili ya Iceborne, nyongeza kubwa ya mwaka 2019, walitia katika World silaha za bure zinazoitwa Defender na mavazi ya Guardian, ili anayeanza akimbie hadithi ya kwanza na kufika haraka kwa nyongeza. Upinde wa Defender uko na nguvu, uko na mlipuko, unaua kila kitu bila kuuliza udhaifu wake. Umbali? Hauna haja. Pumzi? Nyama amekufa kabla haijaisha. Kijana anafika Iceborne akiwa na saa 15 za mchezo na hajajifunza hata kimoja, na huko nyama wa kwanza anamla kama mkate. Ni kama kumpandisha mwanafunzi hadi licence kwa kumwandikia alama. Mwenye umeme wa shida atashawishika, na ninamwelewa. Namshauri achukue mavazi ya Guardian, yamlinde, na aache ule upinde wa Defender ndani ya sanduku. Hiyo ni katikati ninayoweza kukubali.

Kuna kitu kingine, na sijaona wakisema ku majadiliano ya huu mchezo kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili. Upinde unabadilisha unachokiona.

Ukiwa na nyundo uko chini ya tumbo la nyama. Unaona miguu, vumbi, na namba. Ukiwa na upinde unamwona mzima. Unamwona anapoanza kuchechemea. Nyama wa World akikaribia kufa anaburuta mguu, anaacha pigano, anarudi ku pango lake na kulala. Wewe unamfuata. Hadithi inasema sisi ni Tume ya Utafiti, tumevuka bahari nyuma ya majoka wakubwa ili kuelewa kwa nini wanahama, na paka anatufuata akicheza ngoma. Utafiti! Halafu unasimama mlangoni mwa pango, na yule mnyama uliyemjua nyayo zake, chakula chake, maji anayokunywa, amelala, na kidole kiko ku kitufe. Sisi tunaotoka nchi ya okapi, nchi ambako tembo wamepigwa hadi mapori mengine yamekaa kimya, tunajua neno "utafiti" linaweza kubeba mizigo ya namna gani. Mchezo haukuulizi. Unakupa zawadi na muziki.

Lakini, na hii lazima nisema ili niwe wa haki, mchezo wenyewe umeweka mlango wa pili. Nyama aliyechoka anaweza kukamatwa hai: unamwekea mtego, unamtupia dawa ya usingizi, basi, misheni imekwisha, na zawadi ni nzuri. Kwa mwenye upinde mlango ule uko na faida ya pekee. Pigo la kwanza kwa nyama anayelala ndilo tu linaloongezewa nguvu. Mishale yako inatoka mingi pamoja, mmoja tu unafaidi, mingine inapotea bure. Wenye upinde si wazuri kwa kumwua aliyelala. Kumkamata ni haraka, kunaokoa dakika kabla umeme haujaenda, na kunakuondolea ile picha. Kama Capcom walikusudia hayo mambo yakutane katika silaha moja au ilitokea tu, vyovyote vile yamekutana vizuri.

Wengine mtaniuliza juu ya Monster Hunter Wilds ya Februari 2025. Huko upinde umekuwa mpole: kuna mshale unaobandika alama ku mwili wa nyama na mishale mingine inaifuata yenyewe, na zile dawa zinajijaza upya kadiri unavyopiga. Ni rahisi kuanza, na ninafurahi kwa wanaoanza. Nimekosa ule mvutano wa World kidogo. Lakini tusidanganyane, mchezo ule ulilalamikiwa na wenye ordinatera kubwa za Ulaya kwa uzito wake, sasa zetu zitasema nini? Mashini yenye GB 8 za RAM na kadi ya picha ya wastani bado inaweza kufungua World, ukishusha mapambo yote chini. Majani yanakuwa kama karatasi, maji kama plastiki. Alama ya machungwa inaonekana bado.

Mwenye kuanza wiki hii, Great Jagras mara kumi kwanza, na mtuandikie chini ni lini pumzi imewaishia. Wenye pinde tano tayari, wasaidieni wadogo, na tafadhali msiwaambie "ni rahisi."